Vidonge vya Mama Dobi

Mara ya kwanza Mama Dobi alipocheka, mumewe alizima mashine ya kunyolea akidhani imeingia hitilafu. Akaigonga kiganjani, akaisogeza sikioni, akaiwasha tena. Sauti ile ikarudi, na safari hii ilikuwa wazi kwamba haitoki kwenye mashine. Ilitoka nyuma ya pazia lililotenga kibanda chake cha kinyozi na chumba cha kulala, ikipanda na kushuka kama sufuria inayosukuma kifuniko.

"Una mgeni?" akauliza mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

"Sina habari. Humo ndani nimemwacha mke wangu."

"Basi una mgeni," mteja akasema kwa uhakika, maana mtaa mzima ulimjua Mama Dobi. Watoto walipopita mbele ya mlango wake walipunguza mwendo na kuchomekea mashati.

Kinyozi akainua pazia. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mkono wa kulia umelala juu ya mto, na kwa mkono wa kushoto alikuwa akiburuta upindo wa shuka juu ya ule wa kulia, mbele na nyuma, kama mtu anayepaka rangi.

"Haiumi!" akasema. "Baba, njoo uone. Shuka inanigusa na haiumi!" Akamtazama mumewe vizuri, akaanza kucheka upya. "Na wewe masikio yako! Tumeishi pamoja muda wote huu, hukuniambia kwamba ni makubwa hivi?"

Kinyozi akayashika masikio yake. Alisimama pale, nywele za mtu mwingine zimemgandia vidoleni, akajikuta naye anacheka bila kujua anacheka nini. Kule nje mteja, peke yake mbele ya kioo, akaambukizwa.

Mkono ule ulikuwa umeitesa nyumba nzima tangu mlango wa kioo wa duka la dobi ulipobamizwa na upepo na kumpasukia Mama Dobi mikononi. Pale dukani yeye ndiye aliyekuwa akipiga pasi, na nguo iliyopita kwake ilitoka imenyooka hata aliyeivaa alijiona ameongezeka urefu. Kioo kilimchana juu kidogo ya kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Walimshona. Kidonda kikafunga vizuri, kovu likawa jembamba kama uzi, watu wakampa pole na kurudi kwenye shughuli zao. Hapo ndipo maumivu yalipoanza.

Hayakuwa maumivu ya kidonda. Kidole cha mwisho na nusu ya kile cha jirani vilikufa ganzi, asingeweza kukuambia kama vimeshika pamba au msumari, na wakati huohuo vilimwaka kama vimetiwa pilipili. Upepo wa feni ulimliza. Alikata mkono mmoja wa kila gauni lake, maana kitambaa kikigusa ngozi aliona nyota. Kinyozi alizoea kupita ubavuni mwa mkewe kwa kunyata, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Kazini, tajiri wake alimwondoa kwenye pasi akampa kukunja soksi, na wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe wakaanza kumwambia, "Pumzika, mama, tutamalizia." Neno hilo "tutamalizia" lilimuuma kuliko kioo. Lakini alijikaza kisabuni, akakunja soksi za watu kwa mkono mmoja, mdomo ameufunga kama mkoba.

Alimeza dawa zote za maumivu zinazouzwa dukani. Ilikuwa kama kumwagia maji mwezi. Mwishowe binti yake, aliyekuwa akiuza viatu mjini, alimbeba mzobemzobe hadi kliniki.

Daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliugusa mkono kwa uzi wa pamba, na Mama Dobi akaruka kitini.

"Mshipa wako wa fahamu ulikatika," Daktari akaeleza. "Sasa unaota upya, na unapoota una wasiwasi. Ni kama kengele ya mlango iliyoharibika. Inalia mchana kutwa, ukienda kufungua hakuna mtu. Dawa ulizokuwa unameza zinatuliza uvimbe. Wewe huna uvimbe, una kelele. Hii nitakayokupa inapunguza kelele zenyewe, palepale mishipa inapopigiana simu."

"Kwa hiyo, Daktari, mke wangu ana kelele?" Kinyozi akauliza.

Hakuna aliyecheka. Mama Dobi alimtazama mara moja tu, ikatosha.

"Haitaunganisha kilichokatika," Daktari akaendelea. "Hiyo ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili haukimbizwi. Na dawa hii haichagui. Ikituliza mshipa, inalewesha na kichwa: kizunguzungu, usingizi, na wengine wanachangamka kupita kiasi. Ndiyo maana tunaanza na kidonge kimoja jioni, tunaongeza polepole. Polepole, mama. Tumeelewana?"

Walielewana. Lakini Mama Dobi maishani hakuwahi kufanya kitu polepole isipokuwa kola ya shati. Alimeza asubuhi, akameza mchana, akameza jioni, tangu siku ya kwanza. Kinyozi aliona. Alifungua mdomo aseme, kisha kule chumbani mkewe akacheka, naye akaufunga.

Zilikuwa siku za ajabu nyumbani mwao. Mama Dobi alicheka kwa sababu vijiko vina vichwa vyenye upara. Alimwita mwenye nyumba, aliyekuja kulalamika kuhusu maji machafu ya kibandani, akamketisha na kumwambia kwamba ana macho ya mbuzi mwenye huruma, na yule mzee akaondoka amesahau malalamiko yake, akijitazama katika kila dirisha. Alitembea akipepesuka, akishika kuta na kuziomba radhi. Wateja wa Kinyozi waliongezeka. Watu ambao hawakuwa na nywele za kunyoa walikuja kukaa tu kwenye benchi, wasikilize nyuma ya pazia.

Na Kinyozi, ambaye alikuwa na hazina ya vichekesho alivyovijaribu kwa wateja tu, sasa alivipeleka chumbani kimojakimoja. Mkewe alivicheka vyote. Hata kile cha kuku na fundi bomba, ambacho yeye mwenyewe alikuwa na wasiwasi nacho.

Ni yeye aliyepata wazo.

"Mwanangu," alimwambia binti yake wakiwa wanaosha vyombo, "mlete yule kijana wako Jumapili."

Binti akaiacha sahani majini. Kijana wake alikuwa seremala wa majeneza. Alikuwa na karakana nyuma ya stendi, na mtaani watu walivuka barabara walipomwona anakuja, kwa sababu futi ya kupimia ilikuwa haitoki mfukoni mwake. Mama Dobi alikuwa amekwisha toa hukumu. "Mtu ambaye biashara yake ikichangamka sisi wengine tunalia?" alisema. "Akinisalimia tu, naona ananipima. Hapana. Na hiyo hapana usiniletee tena hapa."

"Baba, si sawa," Binti akasema. "Mama siye yeye."

"Siye yeye vipi? Anaongea, anakula, majina yetu anayajua. Kijana anakuja kunywa chai. Chai ni dhambi?"

Binti alitaka kubisha zaidi. Lakini kumpenda mtu kwa kujificha kunachosha, na yeye alikuwa amechoka kukutana na mchumba wake kati ya majeneza, akiketi juu ya mbao ambazo hazijajua bado zitakuwa za nani. Akaokota sahani, akaisugua mahali palipokuwa safi.

Seremala alikuja Jumapili amevaa shati jeupe, na vumbi la mbao limekataa kutoka kwenye nyusi. Alikuwa mrefu hata akaingia kwa kuinama. Mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa alioukumbatia kana kwamba amepewa amlindie mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na futi?"

Kinyozi akapaliwa na chai.

"Hapana, mama," Seremala akasema.

"Inachungulia hiyo hapo mfukoni!" Mama Dobi akapiga makofi kwa kujipiga pajani, maana mkono wa kulia alikuwa bado anauonea huruma. "Haya, nipime. Nipime tuyamalize." Akajinyoosha kwenye kochi, akafumba macho, akaweka uso wa marehemu, na uso huo ukamshinda baada ya pumzi moja tu. "Uniachie nafasi mabegani! Maisha yangu yote nimebanwa mabega. Na bitana nataka ya samawati, nyeupe inanifanya nionekane mgonjwa."

"Mama, mimi siwapimi walio hai."

"Hata kwa jicho?"

Seremala akamtazama Binti, Binti akatazama dari. Kijana akakata shauri kusema kweli. "Kwa jicho inatokea tu, mama. Siwezi kuizuia. Baba, kwa mfano, ni mfupi kuliko anavyojidhania."

Hapo nyumba ililipuka. Mama Dobi alicheka hadi akateleza kwenye kochi akakaa chini sakafuni, miguu mbele kama mtoto. Kinyozi alisimama, akajinyoosha, akauliza mfupi kwa kiasi gani, na swali hilo likawamaliza kabisa. Jirani aligonga ukuta, kisha wakamsikia naye anacheka huko kwake.

"Mchukue," Mama Dobi akasema alipopata pumzi, akifuta machozi kwa upindo wa gauni. "Mchukue huyu binti. Anakoroma, anaacha vikombe kila mahali, hajui kupiga pasi ingawa nimemzaa mimi. Nimekubali. Mchukue hata kesho."

Kinyozi alipiga vigelegele vibaya vya kiume. Binti alijifunika uso kwa mto. Alikuwa amelisubiri neno hilo kwa muda mrefu, na sasa lilipokuja, lilikuwa limekuja likipepesuka.

Mlangoni, Seremala alisimama akigeuza chungwa moja alilolisahau mkononi.

"Furaha yote ile," akasema, "ni ya mama, au ya dawa?"

"Sijui," Binti akajibu.

"Na lile jibu?"

"Hilo pia sijui."

Jumatatu asubuhi Mama Dobi aliamua kwamba amepona. Mkono haukuwaka, kichwa kilikuwa chepesi kama povu, na hakuna aliyemwona alipotoka. Aliingia duka la dobi akiimba, akamsogeza msichana aliyekuwa kwenye meza ya pasi kwa kumgonga na nyonga, akasema, "Pumzika, mwanangu, nitamalizia."

Tajiri wake alifurahi. Soksi zilikuwa zimekunjwa za kutosha, mashati yalikuwa mlima. Mama Dobi alishika pasi kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akautumia kutandaza na kunyoosha kitambaa, kama alivyozoea kufanya zamani kwa upande wa pili. Alipiga shati, akapiga jingine. Aliimba ubeti, akamtania tajiri kuhusu kitambi chake, wasichana wakashika mbavu. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka bado pale msichana mmoja alipokunja pua na kusema, "Kuna kitu kinaungua."

Wakatazama mashati. Wakatazama waya. Kisha msichana yule akatoa ukelele.

Kidole cha mwisho cha Mama Dobi kilikuwa kimelala chini ya ukingo wa pasi. Kilikuwa kimelala hapo kwa utulivu, kama paka kwenye kibaraza. Mama Dobi alifuata macho ya wenzake, akakiona, na kicheko chake kilikuwa bado hakijamtoka mdomoni. Alikiinua kidole mbele ya uso wake. Kilikuwa na lengelenge lililokuwa likikua mbele ya macho yao.

"Angalieni," akasema, na sauti ikaanza kuvunjika. "Angalieni, hakinihusu."

Walikaa kliniki wote watatu, kwenye benchi moja, mkono wa Mama Dobi umefungwa bandeji nono. Daktari aliuliza imekuwaje.

"Ajali ya kazi," Kinyozi akawahi. "Unajua pasi, Daktari. Pasi ni pasi."

"Na vidonge mnafuata nilivyosema? Kimoja jioni, kisha tunaongeza polepole?"

"Kabisa," akasema Kinyozi.

Binti alikuwa akitazama bandeji. Alijua vizuri kitakachofuata akifungua mdomo. Vidonge vitapunguzwa, kicheko kitapunguzwa, mama yake atarudi kuwa yule aliyesema hapana, na Jumapili nzima itafutika kama vumbi kwenye meza. Angeweza kunyamaza siku chache tu, mpaka mambo yawe yameshikana. 

"Si kweli, Daktari," akasema. "Anameza vitatu tangu siku ya kwanza. Amelewa. Sisi tulimwona, tukafurahi. Tulifurahi sana, tukamwacha."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, nisikilize. Mshipa wako unasema uongo wa aina mbili. Pasipo moto unalia moto. Penye moto unanyamaza. Dawa yangu inatuliza ule uongo wa kwanza. Ule wa pili haiugusi kabisa, kidole bado ni kipofu. Ukijilewesha juu yake, na wewe unakuwa kipofu. Kuanzia leo tunarudi kwenye kimoja, jioni. Na mkono huo usifike karibu na joto bila kuutazama kwa macho. Macho yako ndiyo yawe ngozi."

Akamgeukia Kinyozi. "Na wewe, baba, uliona?"

Kinyozi alivua kofia yake, akaikunja. "Niliona," akasema. "Nanyoa watu mchana kutwa, wananicheka. Nikiingia nyuma ya pazia nacheka peke yangu. Sasa ghafla mwenzangu ananichekea. Nikasema moyoni, acha nionje kidogo. Sikujua atalipa kidole."

Mama Dobi alikuwa bado hajalevuka. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande.

"Vile vichekesho vyako ni vibaya sana, baba," akasema kwa upole. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na Kinyozi akamwazima ile kofia apengee kamasi. Daktari ilimbidi atazame ukutani kujizuia, maana nyumba hii ilikuwa inaambukiza.

Siku zilizofuata kuta hazikuombwa radhi tena. Benchi la Kinyozi likabaki na wenye nywele tu. Maumivu yalirudi, lakini hayakurudi yote. Sasa yalikuwa kama redio ya jirani, ipo, inaudhi, na mtu anaweza kuishi nayo. Mama Dobi aliweza kuvaa gauni lenye mikono miwili. Aliweza kukaa mbele ya feni. Alimeza kidonge chake kimoja jioni, akamtazama kila mtu kwa jicho lake la zamani, na watoto wa mtaani wakaanza tena kuchomekea.

Kuhusu Jumapili hakusema kitu. Hakusema kama anakumbuka, hakusema kama amesahau. Kinyozi alijaribu mara moja. "Yale machungwa yalikuwa matamu," akasema kwenye meza ya chakula. Mkewe akamwambia apitishe chumvi. Binti hakuthubutu kabisa. Alimtumia Seremala ujumbe kwamba wasubiri, naye akajibu kwamba kusubiri si tatizo, kazi yake yote ni ya watu wasio na haraka.

Kisha asubuhi moja Mama Dobi alivaa viatu vya kutokea, akamwambia mumewe anakwenda kununua nyanya, na akaelekea upande usio na nyanya.

Seremala alikuwa amepiga magoti, akigongomea misumari midogo kwenye bitana ya jeneza. Alipoona viatu mbele yake aliinua macho polepole, na misumari aliyoibana midomoni ilianguka yote mmojammoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea na kazi. Nimekuja kuangalia."

Aliangalia. Alipitisha kidole cha mkono wa kushoto kwenye pembe za mbao, akazikuta laini. Alifungua na kufunga kifuniko, kikafunga bila kelele. Aligonga kitako, akasikiliza. Seremala alimfuata nyuma, mikono hajui aiweke wapi. Kisha Mama Dobi akainama juu ya jeneza lile, akatazama ndani, na uso wake ukabadilika.

"Hiki nini?"

"Bitana, mama. Satini."

"Satini naijua. Nauliza hii mikunjo."

"Tunaivuta tu, mama, tunagongomea. Watu hawa—"

"Watu hawa nini? Hawataona?" Sauti yake ilipanda. "Huyu ana ndugu zake. Watainama hapa kumtazama kwa mara ya mwisho, wamkute amelazwa kama amelala kwa mlevi! Ng'oa. Ng'oa misumari yote. Pasi unayo?"

Pasi ilikuwapo, chini ya meza, sura imejaa gundi kavu. Mama Dobi aliitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyetelekezwa. Aliikwangua, akaisugua kwa mshumaa, akaitia moto, akaijaribu kwa tone la mate. Alifunga mkono wa kulia nyuma ya mgongo wake kwa mtandio ili usijitokeze kwenye shughuli zisizouhusu, akashika pasi kwa wa kushoto. Mstari wa kwanza ulipinda. Akaurudia. Wa pili ulinyooka kidogo. Alivuta ulimi pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, na Seremala, aliyekuwa amevuta kitambaa upande mmoja, hakuthubutu hata kukohoa.

Walikuwa wamefika katikati ya kitambaa Seremala alipopiga moyo konde.

"Mama, naomba kuuliza. Lile jibu la Jumapili."

Pasi ikasimama. Mama Dobi akainyanyua, akaiweka wima mahali pake, akautazama mkono wake wa kulia kuhakikisha uko ulikofungwa.

"Lile nilikujibu nikiwa nacheka," akasema.

Seremala akainamisha kichwa.

"Leo nimenuna. Unaona nimenuna?"

"Naona, mama."

"Vizuri. Basi uandike kichwani kwako: nimenuna, sijalewa, mkono unauma, na jibu ni lilelile. Vuta huko, unalegeza."

Binti aliwakuta hivyo. Baba yake alikuwa amemwona muuza nyanya, akamuuliza kuhusu mkewe, akaambiwa hajaonekana, akashikwa na hofu na kumpigia Binti simu kazini; naye alikuwa amekimbia njia nzima akijua pa kwenda bila kuambiwa. Alisimama mlangoni, roho juu, akaona mama yake mzazi amefungwa mkono nyuma kama mfungwa, akipiga pasi kitanda cha marehemu, na mchumba wake amesimama wima ameshika pembe mbili za satini, uso umemjaa machozi na tabasamu pana lisilo na aibu.

Kitu kilimpanda Binti kutoka tumboni. Alibana midomo, akabana na pua, haikusaidia.

"Unacheka nini?" Mama Dobi akamkaripia bila kuinua macho. "Osha mikono, uje ushike upande huu."